Mstari mmoja kwenye faili: kisa cha kumtunuku mlezi wa chama cha wanafunzi bora

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja cha umma, katikati ya Marekani. Nimeondoa majina, fani, jimbo na miaka, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili mhusika asitambulike. Mwenyewe amelisoma andiko hili na ameniruhusu kulitoa. Nawaandikia wenzangu wa ofisi za wanafunzi, wakuu wa idara na vijana wanaoongoza vyama vyuoni, maana kosa tulilolifanya tulilifanya kwa mapenzi, na kosa la namna hiyo huchelewa kuonekana.

Usuli

Vyuo vya Marekani vina vyama vya heshima, ambavyo kwa kawaida mwanafunzi haviombi bali huitwa kwa sababu ya alama zake. Kikongwe kuliko vyote ni Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia. Baadaye vikaja vingine vingi: Phi Kappa Phi mwaka 1897 huko Maine, Phi Theta Kappa ya vyuo vya miaka miwili mwaka 1918, Psi Chi ya wanafunzi wa saikolojia mwaka 1929. Tangu mwaka 1925 kuna pia jumuiya inayoviunganisha baadhi ya vyama vya namna hii na kuviwekea viwango. Chama cha fani moja, kwa mfano, huchukua wanafunzi walio katika asilimia 35 ya juu ya darasa lao, na chama kinachopokea fani zote huchukua asilimia 20 ya juu.

Chama kinaendeshwa kwa matawi, na kila tawi lazima liwe na mwalimu anayelisimamia. Kwa Kiingereza chao wanamwita mshauri. Mimi namwita mlezi, kama tunavyowaita walimu wa klabu shuleni kwetu, na baada ya kisa hiki naona neno letu linafaa zaidi. Viongozi wa tawi ni wanafunzi. Wanakaa madarakani mwaka mmoja, wanahitimu, wanaondoka. Anayebaki ni mlezi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na tawi la chama cha wanafunzi huzaliwa upya kila Septemba.

Mlezi wa kisa hiki alikuwa mhadhiri wa mkataba. Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu kisa chote kinazunguka hapo. Mwaka 2021 zaidi ya theluthi mbili ya walimu wa vyuo vya Marekani walikuwa nje ya ajira ya kudumu, kwa hesabu za chama cha maprofesa cha nchi hiyo, AAUP. Mwalimu wa namna hii hupimwa kila baada ya miaka michache, na faili lake lina mafungu: kufundisha, huduma, na kwa baadhi yao utafiti. Ulezi wa chama unaingia kwenye huduma, fungu ambalo kamati hulifikia mwisho, wakati watu wameshaanza kufunga kompyuta zao.

Mimi nilikuwa ofisi ya shughuli za wanafunzi, kazi yangu kusajili vyama na kupitisha malipo yao. Ni mzaliwa wa Tanga. Nataja hilo kwa sababu ndilo lililonikutanisha na mlezi huyu, miaka kabla ya haya ninayoyasimulia. Siku moja alibisha hodi mlangoni kwangu akiwa na kadi ndogo mkononi, ya ukubwa wa karata. Imeandikwa jina la mwanafunzi aliyezaliwa Kenya, linaloanza na ng'. "Nisaidie kulitamka," alisema. "Nitalisoma jukwaani Aprili." Ilikuwa Februari. Nikamwambia aanze na sauti ya mwisho ya neno lao la Kiingereza la kuimba, kisha aitoe peke yake, bila kilichotangulia. Alikaa kwenye kiti cha wageni akaifanyia mazoezi kama mtoto anayejifunza ng'ombe, mpaka ikakaa. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya jina jinsi alivyolisikia, akashukuru, akaenda zake.

Septemba hadi Januari: siri na barua ya sifa

Makao makuu ya chama yaliwaandikia matawi yote yapendekeze mlezi wa kutunukiwa tuzo ya mwaka. Tuzo za namna hii ni za kawaida. Psi Chi wanayo, Sigma Tau Delta ya wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanayo, Phi Theta Kappa nao huwatunuku walezi wao. Mwenyekiti wa tawi, kijana mwenye bidii na moyo mweupe, alikuja ofisini akiwa amefurahi kweli. Mlezi alikuwa anaingia mwaka wake wa 15. Kijana huyo alitaka vitu viwili: tuzo ya makao makuu, na ngao ya shukrani itakayokabidhiwa Aprili, siku ya kuwapokea wanachama wapya. Na alitaka viwe siri.

Tukaunda kamati ndogo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu mmoja wa idara, na mimi. Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kumficha. Sababu tuliyoitoa ni ya kila mtu: raha ya zawadi ni kushtukizwa. Sikupinga. Nilikuwa nimeshaona hafla nyingi ambapo mwalimu anashika mdomo, machozi yanamtoka, wanafunzi wanasimama kupiga makofi, na nilitaka kuiona tena.

Siri ile ilitufunga mikono. Fomu ya tuzo iliuliza mlezi amefanya nini, lini, na tawi likanufaikaje. Aliyekuwa na majibu ni mmoja tu, naye ndiye tuliyekuwa tunamficha. Mwenyekiti alimfahamu kwa miaka miwili, katibu kwa mwaka mmoja, yule mwalimu mwenzake alikuwa amehudhuria hafla mbili tu. Kwa hiyo tukaandika tulichokuwa nacho, yaani sifa. Nakala ninayo bado. Katika kurasa mbili tumemwita mwenye kujitolea mara tano, mwenye upendo mara tatu, nguzo mara mbili. Hakuna tarehe hata moja. Barua ikatumwa Januari, sote tukaona imependeza.

Kitu kingine kilikuwa kikiendelea pembeni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mwezi Oktoba mlezi alikuwa amewasilisha faili lake la kuomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi. Majibu yalimfikia Februari. Hakupandishwa.

Machi: sahihi

Machi makao makuu yalijibu kwamba tuzo imekwenda kwa mwingine. Barua ilikuwa ya heshima na ilikuwa na sentensi moja yenye msaada, kwamba pendekezo letu halikuonyesha kazi yenyewe. Vijana walisononeka siku mbili, kisha wakaamua kuendelea na ngao.

Sasa, katika chuo kile fedha ya chama cha wanafunzi haitoki bila sahihi mbili, ya mlezi kwanza na ya ofisi yangu baadaye. Sikulifikiria hilo mapema, na nilipaswa kulifikiria. Mweka hazina akajaza fomu: vifaa vya hafla, dola 86. Akaipeleka kwa mlezi.

Mweka hazina alinisimulia baadaye ilivyokuwa. Mlezi alikuwa na desturi ya kuuliza kila matumizi, hata ya dola 10, kwa sababu alisema fedha ile ni ada za watoto wa watu. Akauliza, vifaa gani? Kijana akakosa jibu. Alikuwa hajawahi kumdanganya. Akabaki amesimama, akitazama zulia. Mlezi akarudisha macho kwenye karatasi, akasoma jina la duka. Lilikuwa duka la kuchonga ngao na medali, na mji mzima unalijua. Akachukua kalamu, akatia sahihi, akamrudishia bila neno.

Jioni hiyo alinipigia simu akaniomba nipite ofisini kwake.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kwa kuharibika kwa siri. Hakuitaka radhi yangu. Alisema anawashukuru wale vijana, na kwamba hatawavunja moyo, atapokea ngao na atafurahi. Kisha akavuta droo, akatoa barua ya kamati ya upandishaji vyeo. Kurasa tatu. Akaniwekea kidole kwenye fungu la huduma. Kuhusu tawi palikuwa na mstari mmoja: pia ni mshauri wa tawi la chama cha wanafunzi.

"Walioandika hivi," alisema, "ndio watakaokaa meza ya mbele siku ya ngao."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuonyesha bomba linalovuja ili ujue maji yanatoka wapi. Nikamuuliza, kama tungekuuliza tangu Septemba, ungetaka nini? Jibu alikuwa nalo tayari. Alitaka mtu wa kumsaidia siku za Alhamisi katika miezi ya usajili. Alitaka apunguziwe somo moja muhula wa pili, wakati kazi ya tawi inapokuwa nzito. Na alitaka barua iingie kwenye faili lake kabla ya Oktoba, iandikwe na mtu anayejua anachokifanya.

Aprili: kuihesabu kazi

Niliwaita wanakamati kesho yake nikawaeleza, kwa ruhusa yake. Tulibadili mpango. Ngao ibaki, kwa kuwa imeshalipiwa na ina maana yake, lakini nguvu yetu yote iende kwenye kumbukumbu ya maandishi. Mwenyekiti hakupenda. Aliona jambo lake jema limegeuzwa kuwa karatasi za ofisi, na kwa upande wake nilimwelewa. Katibu ndiye aliyelibeba. Alikaa na mlezi mara tatu, diari na barua pepe za mwaka mzima mezani, wakapitia mwezi kwa mwezi.

Oktoba, ofisi ya msajili inamletea mlezi orodha ya wanafunzi waliofikia kiwango. Mwaka ule majina yalikuwa 212. Viongozi wa tawi hawaruhusiwi kuiona, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda alama za mwanafunzi zisionwe na wanafunzi wenzake. Kwa hiyo anayeikagua, kuandika barua za mwaliko na kujibu maswali ni yeye peke yake. Maswali ni mengi, kwa kuwa nchini kuna makampuni yanayouza uanachama wa vyama vya heshima visivyo na maana, na mwanafunzi mwenye akili hushuku kwanza. Kwenye barua pepe zake tulikuta majibu 61 kwa swali lile lile, kama huu ni utapeli. Hakunakili jibu moja akalituma kwa wote. Alitaja somo ambalo mwanafunzi alifanya vizuri, na chumba ambacho angeweza kwenda kumwona.

Novemba na Desemba ni ada na usajili makao makuu. Januari na Februari anasaidia wanaotaka kuwasilisha makala kwenye mkutano wa chama, anasoma rasimu, anatafuta nauli. Machi vyeti vinafika na yeye anavikagua kimoja kimoja, kwa sababu kila mwaka majina mawili matatu huja yamekosewa. Aprili ni hafla. Na mwaka mzima ni barua za kuwaombea wahitimu kazi na nafasi za masomo.

Halafu kulikuwa na kisanduku cha kadi. Katibu alikikuta kwenye rafu, nyuma ya kamusi, akauliza ni nini. Zilikuwa kadi za majina, miaka yote 15, kila moja ina jina la mwanachama na chini yake jinsi linavyotamkwa, nyingine kwa wino, nyingine kwa penseli iliyofutwa na kurudiwa. Alikuwa akimpigia simu kila ambaye hakuwa na uhakika na jina lake.

Jumla ya saa ilikaribia 130 kwa mwaka. Somo moja la wiki 15, lenye saa 3 darasani na saa 6 za maandalizi kila wiki, ni saa 135. Kwa maneno mengine, alikuwa akifundisha somo zima la ziada kila mwaka, na malipo yake ni mstari mmoja.

Wakati huohuo tuliwaandikia wanachama wa zamani 60 ambao anwani zao tulikuwa nazo. Tuliwaomba jambo moja tu: eleza kitu kimoja ambacho mlezi alikufanyia, kilikuwa lini, na nini kilifuata. Sifa tuliomba waziache. Walijibu 23. Mmoja aliandika kwamba hakuwa na ada ya kujiunga, akaambiwa tawi lina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Mwaka uliofuata alichaguliwa mweka hazina, akafungua daftari, akakuta tawi halijawahi kuwa na mfuko wa namna hiyo. Hakuuliza. Alielewa.

Yule kijana wa ng' naye alijibu, sasa ni mwalimu katika jimbo jingine. Aliandika mistari michache tu. Kwamba alisoma pale miaka minne, akaitwa kwa namna nyingi, na usiku ule wa Aprili ndiyo mara ya kwanza alisikia kwenye kipaza sauti cha chuo jina alilopewa na bibi yake.

Meza ya mkuu wa idara

Nilikwenda na katibu, tukiwa na jedwali la saa na barua 6 tulizozichagua. Mkuu wa idara si mtu mbaya. Alisoma kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini hakuyaandika haya mwenyewe? Nikamwonyesha fomu ya idara yake. Sehemu ya huduma ni kisanduku kimoja kinachosema orodhesha, na chini yake mistari mitano. Mtu mwadilifu akiambiwa orodhesha, anaorodhesha.

Mwalimu mwenzetu wa kamati alitoa pingamizi ninaloliheshimu mpaka leo. Alisema ulezi ni kitu cha moyo, na ukianza kuuhesabia saa utaugeuza kibarua, kesho kila mtu atadai malipo ya kumsalimia mwanafunzi. Hoja ina uzito. Lakini moyo wa mtu haumzuii kuchoka, wala haumlipii kodi ya nyumba. Aliyekuwa akipoteza kwa kutohesabiwa saa zile hakuwa chuo.

Mkuu wa idara alikubali mambo mawili pale pale. Ataandika barua ya faili mwenyewe, na atamteua mlezi msaidizi. La kupunguziwa somo alisema linahitaji mkuu wa kitivo. Likaenda huko, likakataliwa kwa sababu ya bajeti. Mkuu wa kitivo alitoa posho ya dola 750 kwa mwaka badala yake.

Siku yenyewe

Hafla ilikuwa nzuri. Mlezi alisoma majina yote, kadi mkononi. Vijana wakamwita mbele, mwenyekiti akamkabidhi ngao, watu wakasimama.

Ngao iliandikwa miaka 12 ya utumishi.

Alikuwa ametumikia 15. Mwenyekiti alikuwa amechukua takwimu hiyo kwenye kumbukumbu za ofisi yangu, na kumbukumbu zetu zinaanzia mwaka tulipohamia kwenye kompyuta. Miaka mitatu ya mwanzo ilibaki kwenye makabrasha yaliyotupwa. Na ndiyo miaka aliyolichukua tawi likiwa na wanachama wawili na deni makao makuu, akalifufua. Mimi nilipitisha maandishi yale bila kuyalinganisha na chochote, wakati katibu alikuwa na idadi sahihi kwenye daftari lake, meza ya pili kutoka kwangu.

Mlezi aliisoma ngao, akamkumbatia mwenyekiti, akasema asante. Niliona macho ya katibu. Wiki iliyofuata nililipia kibati kipya kutoka fedha za ofisi, maana mlezi alikataa kabisa ada za wanachama ziguswe mara ya pili.

Matokeo

Oktoba iliyofuata aliwasilisha faili tena. Safari hii lilikuwa na barua ya mkuu wa idara ya kurasa mbili, jedwali la kazi, na zile barua 6. Alipandishwa cheo. Siwezi kusema ni barua zile peke yake. Wajumbe wa kamati walikuwa wamebadilika, na tathmini zake za ufundishaji zilikuwa juu miaka yote. Ninachojua ni kwamba barua ya kamati, aliponionyesha, ilikuwa na aya nzima juu ya tawi.

Mlezi msaidizi alianza Septemba. Baada ya miaka miwili alikabidhiwa tawi lote, na mlezi akapumzika. Mahudhurio yalishuka mwaka wa kwanza, kisha yakasimama. Posho inatoka hadi leo. Ombi la kupunguziwa somo tulilirudisha mara moja zaidi, likakataliwa tena.

Mwenyekiti alihitimu mwezi mmoja baada ya hafla. Tuliagana vizuri, lakini najua aliondoka akihisi zawadi yake ilichukuliwa na wakubwa.

Uchambuzi

Waswahili tunasema chanda chema huvikwa pete. Sisi tulikimbilia pete kabla ya kukitazama chanda. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa siri, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi wataitetea. Kushtukiza kunampa raha anayetoa. Kwa mtu aliye kwenye mkataba, ambaye ana tarehe za faili zinazofungwa, kumficha ni kumnyima nafasi ya kusema anachokihitaji. Tungemuuliza Septemba, barua zingewahi faili la Oktoba ile ile, mwaka mzima kabla.

La pili ni kwa nani. Barua yetu ya Januari ilikwenda kwa watu wa mbali ambao hata wangempa tuzo wasingebadilisha chochote katika ajira yake. Barua za Aprili zilikwenda kwa mtu mwenye kalamu ya kumwandikia. Sidharau tuzo za makao makuu. Mshindi akiwa na tuzo ya chama kizima, kamati ya chuo haiwezi kuipita. Lakini pendekezo zuri la tuzo na barua nzuri ya faili vinaandikwa kwa malighafi moja: kazi, tarehe, na kilichofuata. Tulipoikosa malighafi hiyo tulikosa vyote viwili.

Namna tulivyowauliza wanachama wa zamani ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kuomba watu waeleze mlezi ana maana gani kwao, na hujibu kwa maneno ambayo yangemfaa mlezi yeyote duniani. Ombi la kitu kimoja, wakati mmoja, lilileta daftari lisilo na mfuko na jina la bibi.

Kumhesabia saa kulikuwa na hatari niliyoiona baadaye. Jedwali lilimsaidia yeye, lakini lilimtisha mlezi msaidizi. Alipoona saa 130 alitaka kujitoa kabla hajaanza. Ilibidi tukae tukagawanya: barua za mwaliko zikahamia ofisi ya msajili, kwa kuwa orodha ni yao tangu mwanzo, na uhakiki wa vyeti ukawa wa watu wawili. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba sehemu ya kazi ya mlezi haikuwa ya mlezi hata kidogo. Alikuwa ameiokota kwa sababu hakuna aliyeinama. Hilo nililitarajia mwisho kabisa, na huenda ndilo lililomsaidia kuliko ngao na posho.

Kosa la miaka 12 ni la ofisi yangu na linafundisha jambo la ufundi. Kumbukumbu za ofisi zinaanzia pale ofisi ilipoanza kutunza, si pale mtu alipoanza kazi. Kabla ya kuchonga chochote, muulize mhusika, au muulize aliyemuuliza.

Kwa mwenyekiti nilikosea pia. Nilimwambia mpango umebadilika. Sikumpa sehemu katika mpango mpya. Angeweza kwenda mbele ya mkuu wa idara badala yangu. Sauti ya mwanafunzi ingekuwa na uzito kuliko yangu, na angehitimu akijua zawadi aliyoitaka ndiyo iliyofika.

Tangu mwaka uliofuata, fomu ya kusajili vyama ina ukurasa mmoja wa ziada ambao mlezi anaujaza kila Mei: alifanya nini mwaka huu, kwa saa ngapi takriban, na faili lake linafungwa mwezi gani. Ofisi inatuma nakala kwa mkuu wa idara yake. Mwaka huu walezi 31 kati ya 40 wameujaza. Wale 9 waliobaki nimewaandikia mara mbili bila majibu, kwa hiyo nimepanga kuwapitia mmoja mmoja ofisini kwao kabla Septemba haijaisha.